ALIZIKWA DESEMBA, MWAKA ULIOFUATA WIMBO WAKE UKASHIKA NAMBA MOJA

Najua mkifungua hapa mmezoea kukuta nani kaachana na nani, na nani kakopa gari halafu kaposti kwamba kanunua kwa kesh. Leo umbea upo, tena mzito, ila ni wa jamaa aliyefariki mwaka 1949. Shuka nao taratibu, maana unaanzia Marekani na unaishia Mbagala.

Jamaa anaitwa Lead Belly. Jina alilopewa na wazazi ni Huddie Ledbetter, Mmarekani mweusi, kazaliwa mwishoni mwa miaka ya 1880 kijijini karibu na Mooringsport, jimbo la Louisiana. Alikuwa anaimba nyimbo za asili za kwao pamoja na blues, na chombo chake kikubwa kilikuwa gita la nyuzi 12. Mkusanyiko ninaouzungumzia unaitwa Lead Belly: The Smithsonian Folkways Collection. Ulitoka mwaka 2015. Una CD 5, nyimbo 108 na kitabu cha kurasa 140. Nimesema 108, sijakosea kuandika. Wasanii wetu wakitoa albamu ya nyimbo 15 tu tunalalamika kwamba ndefu, bando linaisha.

NILIMPATAJE

Mi niliishia kidato cha nne, sijasomea muziki wala historia ya Marekani. Nilimpata Lead Belly kwa sababu ya mkeka.

Kaka yangu ni mzee wa kubeti, na si mnajua wanaobeti wanavyojua timu ambazo hata Waingereza wenyewe hawazifuatilii. Siku hiyo alikuwa kaiweka Bristol Rovers, timu ya madaraja ya chini kule. Mpira unaendelea, mashabiki wakaanza kuimba. Yani hawakuimba zile kelele za kutukana refa. Waliimba wimbo wa taratibu kama wa kumbembeleza mtoto alale, uwanja mzima, wazee kwa vijana. Kaka macho kwenye matokeo, mi masikio kwenye wimbo. Nikautafuta. Kumbe unaitwa Goodnight, Irene, na hao mashabiki wameufanya wao tangu miaka ya 1950.

Nikaendelea kuchimba, nikafika kwa huyu mzee mweusi wa Louisiana. Nikajiuliza, imekuwaje wimbo wa mtu aliyekuwa mfungwa gerezani ukaishia uwanja wa mpira Uingereza? Nikaanza kuusikiliza mkusanyiko wote, zaidi ya saa tano za muziki. Ilinichukua siku nne za bando la usiku.

KIKI YA JELA

Sisi tunadhani kiki tumezianzisha hapa Bongo. Hamna kitu. Sikia hii.

Lead Belly hakuwa malaika, na sitaki kumsafisha. Mwaka 1918 alifungwa Texas kwa kuua mtu. Mwaka 1930 akafungwa tena Louisiana kwa kujaribu kuua, safari hii kwenye gereza la Angola, ambapo wafungwa walilimishwa mashamba. Kuna watu waliumia kwa mikono yake, hilo lipo kwenye kumbukumbu za mahakama.

Mwaka 1933 akaja Angola mzungu mmoja mzee, John Lomax, na kijana wake Alan. Walikuwa wanazunguka magereza ya kusini kukusanya nyimbo za watu weusi kwa ajili ya maktaba ya bunge la Marekani. Mashine yao ya kurekodi ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 100, wameifunga ndani ya gari. Hebu fikiria, leo unarekodi demo kwa simu ukiwa umelala kitandani. Wakamkuta Lead Belly, wakamrekodi, na Irene ulikuwemo.

Mwaka 1934 akatoka jela. Hapo ndipo kiki ilipoanza. Habari ikaenea kwamba jamaa kamwimbia gavana, gavana kaguswa, kamfungulia mlango. Tena ikasemwa kafanya hivyo mara mbili! Ukweli ni kwamba ile ya Texas ina msingi: alimwimbia gavana Pat Neff, na mwaka 1925 gavana huyo akampa msamaha. Lakini ya Louisiana, wakubwa wa magereza wenyewe walisema katoka kwa utaratibu wa kawaida wa kupunguziwa muda kwa tabia njema. Wimbo haukuhusika. Ila nani anataka kusikia habari za utaratibu wa kawaida? Watu walitaka stori ya muuaji aliyejiimbia uhuru.

Mwaka 1935 ikatengenezwa filamu fupi ya habari ya kuigiza tukio hilo, na jamaa akavalishwa nguo za jela, akaigiza anamwomba Lomax amchukue. Mtu huyo huyo, akipewa nafasi ya kuchagua mwenyewe, alikuwa anavaa suti imenyooka na tai ya kipepeo. Mwaka 1937 jarida kubwa la Life likamtoa, na kichwa cha habari kilikuwa na tusi la rangi. Waliomuuza walijua soko linataka nini, na alichotaka yeye kionekane hakikuulizwa.

Mi nafanya kazi hii ya kuandika habari za mastaa, kwa hiyo naijua hiyo biashara. Posti ya staa kalewa inasomwa mara kumi kuliko posti ya staa kaandika mashairi mazuri. Namba ninaziona kila asubuhi.

SASA SIKILIZA MZIGO WENYEWE

Uzuri wa mkusanyiko huu ni kwamba ukisikiliza nyimbo 108, ile stori ya muuaji inakuwa ndogo. Unakutana na mtu mzima, mwenye mambo mengi kichwani.

Gita lenyewe kwanza. Nyuzi 12 maana yake kila uzi una pacha wake, ukipiga mmoja zinalia mbili. Yeye alizishusha sauti chini, kwa hiyo besi inanguruma kama kuna mtu wa pili chumbani. Wanasema ule mwendo wa besi aliuchukua kwa wapiga piano wa mtaa wa Fannin, kule Shreveport, mtaa wa mabaa na madanguro alioanza kuuzungukia akiwa kijana mdogo. Mtaa huo una wimbo wake humo ndani. Sikiliza kwa spika nzuri, spika ya simu inaua kila kitu.

Halafu kuna nyimbo za kazi, za kupiga nyundo na kuvuna pamba. Hizi ukisikiliza vizuri utasikia pumzi inatoka pale nyundo inaposhuka. Zilikuwa zinapanga watu wafanye kazi kwa pamoja, asitokee mmoja akachelewa akaumia. Mtu yeyote aliyewahi kusikia wavuvi wakivuta nyavu ataelewa bila kufundishwa.

Kuna nyimbo za dini. Kuna moja anaiimba huku anapiga akodioni, muziki wa kucheza kwenye sherehe za kijijini kwao. Kuna za habari za mjini: meli ya Titanic, Hitler, mwigizaji Jean Harlow. Yani alikuwa kama blogu ya wakati wake, jambo likitokea anatoa wimbo.

Na kuna za watoto. Hizi ndizo zilizonishangaza. Mwaka 1941 mtu anayeitwa Moses Asch, mwenye studio ndogo New York, alitoa albamu ya Lead Belly ya michezo ya watoto. Magazeti ya umbea yakamshukia: inakuwaje muuaji awaimbie watoto? Nenda kazisikilize. Utasikia babu anacheza na wajukuu, hana haraka, anacheka, anawaelekeza namna ya kuruka. Nimemsikilizisha binti wa dada yangu, ana miaka minne, haelewi neno hata moja la Kiingereza, na alisimama akaanza kuruka.

Asch ndiye aliyeanzisha Folkways mwaka 1948, lebo iliyotoa muziki ambao lebo kubwa hazikuutaka. Alikuwa na msimamo kwamba hakuna albamu itakayotolewa sokoni kwa sababu haiuzi. Hoja yake ilikuwa kwamba huwezi kuifuta herufi Q kwenye alfabeti eti kwa sababu haitumiki sana. (Sisi Waswahili tumeifuta na tunaishi, lakini nimemwelewa.) Alipofariki, taasisi ya Smithsonian ikauchukua mzigo wote mwaka 1987, albamu 2,168, kwa masharti kwamba zote zitaendelea kupatikana daima. Ndiyo maana mi na simu yangu ya kioo kilichopasuka nimeweza kumsikia.

NENO MNALOTUPIANA MTANDAONI

Hii nyingine itawashtua. Lile neno "woke" mnalotupiana kila siku mtandaoni, wengine kwa sifa na wengine kwa kejeli, mnajua lilikuwa linatumikaje?

Mwaka 1931 vijana tisa weusi walikamatwa Alabama, wakasingiziwa kuwabaka wanawake wawili wazungu kwenye treni. Kesi ya Scottsboro. Walihukumiwa harakaharaka, wanane wakapewa hukumu ya kifo, na ikachukua miaka ya mapambano kuwaokoa. Lead Belly aliimba juu yao, na wimbo upo humo kwenye mkusanyiko. Mwisho wa rekodi hiyo anaongea kawaida, haimbi. Anawashauri watu wanaopita maeneo yale wawe waangalifu, wakae macho. Na neno analotumia ni hilo hilo. Alimaanisha kitu kimoja tu: usisinzie, utakufa.

Upo pia ule alioutunga baada ya kwenda Washington mwaka 1937 na mkewe Martha, wakiwa pamoja na Alan Lomax. Watu weusi na wazungu walitaka kukaa sehemu moja, ikawa shida kupata mahali. Mji mkuu wa nchi! Akautungia wimbo, akawaita watu wa mji ule mabwanyenye. Mtu aliyesifiwa kwa kumwimbia gavana ampendeze, kumbe alijua pia kuimba akawachoma.

SASA TUJE KWENYE MKWANJA

Hapa ndipo niliposimamisha wimbo nikakaa kimya kidogo.

Mwaka 1935, Lead Belly akizunguka na akina Lomax kwenye maonyesho, mgawanyo ulikuwa hivi: baba na mwana theluthi mbili, yeye theluthi moja. Na ndiye alikuwa anaimba. Na ndiye alikuwa dereva! Ilipofika Machi mwaka huo huo wakagombana, wakaachana. Wapo wanaomtetea Lomax, wanasema bila yeye tusingemsikia kabisa, na hilo ni kweli. Lakini ukweli huo haubadilishi hesabu ya theluthi mbili.

Baada ya hapo akaishi New York, maarufu kwa wachache, mfuko mwepesi. Msimu wa vuli wa 1948, mpenzi mmoja wa muziki, Frederic Ramsey, akamwalika nyumbani kwake. Alikuwa na mashine mpya ya kurekodi kwa utepe. Zamani santuri upande mmoja ilichukua kama dakika tatu, ukizidisha umeharibu. Utepe haukuwa na presha hiyo. Jamaa akaimba, akapiga stori, akakumbuka wimbo mwingine, akaimba tena. Zaidi ya nyimbo 90. CD ya tano ya mkusanyiko imetoka hapo, na kwangu ndiyo tamu kuliko zote, maana hapo anayeongoza maongezi ni yeye.

Mwaka 1949 alikwenda Paris, mwili ukaanza kumkataa. Ugonjwa wa mishipa ya fahamu inayoendesha misuli. Fikiria mpiga gita misuli inakufa. Akafariki New York tarehe 6 Desemba 1949, akarudishwa kuzikwa kwao Louisiana.

Mwaka 1950 kundi la wazungu, The Weavers, likarekodi Goodnight, Irene. Wakauwekea vinanda, wakapunguza makali ya mashairi. Ukakaa namba moja Marekani wiki 13. Nakala zikauzwa kwa mamilioni. Mwenye wimbo yuko kaburini hata mwaka haujaisha. Na kwenye haki za utunzi, pembeni ya jina lake pameandikwa jina la John Lomax. Lomax alibeba mashine, hakutunga wimbo.

Halafu mkono wa kundi hilo hilo ukafika Afrika. Alan Lomax, yule kijana wa mzee, alimpa Pete Seeger wa The Weavers santuri kutoka Afrika Kusini. Ilikuwa Mbube ya Solomon Linda, iliyorekodiwa Johannesburg mwaka 1939. Wakaiimba kwa jina la Wimoweh, baadaye ikageuzwa kuwa ule wimbo wa simba aliyelala ambao wote tumeukuta kwenye The Lion King. Linda inasemekana aliuachia kwa shilingi 10. Alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Binti zake walifikia makubaliano ya malipo mwaka 2006, miaka 44 baada ya baba kuzikwa.

Na tusijifanye hayo ni ya mbali. Malaika, wimbo tunaoimba kwenye kila harusi, wapo wanaosema ni wa Fadhili William wa Kenya aliyeurekodi, wapo wanaosema ni wa Adam Salim, na ubishi huo haujaisha mpaka kesho.

HATA YEYE ALIOKOTA

Mtaniambia, "Dada, lakini si na yeye alichukua nyimbo za watu?" Ndiyo, na hapa mjadala unakuwa mgumu.

Irene alisema kajifunza kwa mjomba wake. Na kabla ya hapo, mwaka 1886, mtunzi mweusi Gussie Davis alishachapisha wimbo wa Irene unaofanana nao. Rock Island Line, wimbo mwingine mkubwa wa Lead Belly, aliusikia mwaka 1934 kwenye gereza la Arkansas, wakiimba wafungwa waliokuwa wakiongozwa na Kelly Pace. Miaka ya katikati ya 1950 Lonnie Donegan akaurudia Uingereza, ukawa hiti, vijana wa kule wakakimbilia magita, na mmoja wao alikuwa John Lennon. Na ule wa msituni kwenye misonobari, ambao Nirvana waliuimba mwaka 1993 mpaka watu wakapata baridi mwilini, ni wa zamani kuliko Lead Belly mwenyewe.

Kwa hiyo wimbo unatembea mkono kwa mkono, kila mtu anaongeza chumvi yake. Hilo mi sina shida nalo. Taarabu, mdundiko, nyimbo za unyago, zote zimetufikia hivyo. Mjomba hakumdai Lead Belly chochote, na Lead Belly hakumkana mjomba, alisema wimbo kautoa wapi. Shida inaanza pale pesa inapoingia mlangoni, maana ndipo majina yanaanza kutokea dirishani. Katika wafungwa wote wa Arkansas na Angola walioimba mbele ya zile mashine, ni wangapi waliowahi kupata hata nauli?

Ndiyo maana kile kitabu cha kurasa 140 kina maana kwangu kuliko hata CD. Kinaeleza wimbo huu ulitoka wapi, ulirekodiwa lini, nani alikuwepo. Ni kama mtu karudi nyuma akaokota majina yaliyodondoka njiani.

JINA KAPUNI WA MBAGALA

Sasa niwaambie kwa nini haya yote yameniwasha.

Kuna jamaa yangu, jina kapuni, ni fundi simu Mbagala. Mchana anabadilisha vioo na chaji, usiku anatunga korasi anazirekodi kwenye simu mbovu ambazo wateja hawakuzifuata. Miaka mitatu iliyopita prodyuza mmoja, naye kapuni, alimchukulia korasi moja, akampa elfu 50 kwa simu. Korasi ikaenda kwa staa. Huyo staa ndiyo kabisa, kapuni na mfuniko juu. Wimbo ukatoka, ukapiga kila daladala, kila harusi. Kwenye maelezo ya wimbo, mtunzi ni staa peke yake.

Siku ya kitchen party ya mdogo wake, MC akauweka huo wimbo. Mama yake akawa anawaambia wageni meza moja baada ya nyingine, "Huo katunga mwanangu." Watu wakacheka. Shangazi mmoja akamwambia, "Wifi, kunywa soda." Nilikuwepo. Fundi alikuwa anabeba viti, alisikia, akaendelea kubeba viti.

Mwezi uliopita yule prodyuza kapiga tena. Staa anataka korasi nyingine, safari hii elfu 80. Fundi akaniita kijiweni kwake aniulize nionavyo. Sikumpa hotuba. Nilimwekea Irene ile ya Lead Belly mwenyewe, ya gita bila vinanda, nikamsimulia wiki 13 na kaburi. Alikuwa kashika kibano, kafungua simu ya mteja mezani. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Dada, huyu si alishakufa? Mi bado nipo hai."

Akachukua daftari la wateja, akaandika ukurasa mmoja. Jina la wimbo. Nani katunga maneno, nani katunga melodi, nani katengeneza biti. Kila mmoja asilimia ngapi. Tarehe, sahihi. Nikamwambia pia kile nilichojifunza kwa kusoma kesi hizi: wimbo mmoja ni mali mbili. Ya kwanza ni utunzi, yani maneno na melodi. Ya pili ni ile rekodi yenyewe. Mtu anaweza kumiliki rekodi bila kumiliki utunzi, na ukipewa kibunda bila karatasi, baadaye kila upande utakuwa na stori yake. Na COSOTA ipo kwa ajili ya kusajili kazi kabla ya vita, msisubiri mpaka vita.

Akampigia prodyuza. Prodyuza akacheka, akamuuliza, "Umekuwa staa sasa?" Akakata. Mpaka naandika hapa hajapiga tena.

Na sitawadanganya kwamba hii ni hadithi ya ushindi. Kodi ya fremu inadaiwa. Elfu 80 ni hela, mama anatumia dawa za presha kila mwezi. Kama kesho Fundi atachukua hizo elfu 80 bila karatasi, mi sitamcheka, na we usimcheke. Lead Belly naye alisaini alichowekewa mbele kwa sababu ndiyo kwanza alikuwa katoka jela na hakuwa na pa kwenda. Mtu mwenye njaa anasoma mkataba kwa tumbo.

Ninachojiuliza ni hiki. Mkusanyiko wa Lead Belly ulitoka miaka 66 baada ya kifo chake. Uliwezekana kwa sababu kuna mtu alitunza tepu, kuna mtu aliandika tarehe, kuna mtu hakuitupa albamu isiyouza. Korasi za vijana wetu ziko kwenye simu mbovu, kwenye meseji za sauti ambazo simu ikijaa zinafutwa. Hamna daftari, hamna tarehe. Miaka 66 ijayo nani ataweza kukusanya hata nyimbo 8?

We unayesoma hapa, kama umewahi kutunga kitu kikaondoka bila jina lako, tuandikie hapo chini. Majina tutayaweka kapuni ukitaka. Ila la kwako mwenyewe, nakushauri uliandike mahali leo, pamoja na tarehe.